Mfungwa wa Jikoni

Buloko ya Fizi, yaani gereza letu, ilikuwa na mlango mmoja na ufunguo mmoja, na ufunguo huo haukuwa wa mlango huo. Wa kweli ulipotea kabla sijafika, kwa hiyo mlango ukawa unafungwa kwa kamba ya mgomba. Upepo wa mlimani ukivuma sana, wafungwa wenyewe walipitisha mkono kwenye tundu na kuikaza kamba, maana baridi ya Fizi haiulizi nani kaiba nini. Hata hivyo mkubwa wa buloko alivaa ule ufunguo shingoni kila siku, na Jumapili aliuosha kwa sabuni. Ukimuuliza ni wa nini, alisema, "Ni ya buloko," na mazungumzo yakaishia hapo.

Watu wote walimwita Baba wa Buloko. Jina lake alikuwa nalo, liliandikwa katika makaratasi ya Bwana Mkubwa wa Teritwari, yaani yule Mzungu aliyetawala Fizi nzima, lakini mimi sikulitumia hata siku moja na sitaanza leo. Alizaliwa wapi, kwao ni kwa nani, sijui. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu, "Kwani unataka kuniandika mu kitabu?" Haya, nimemwandika, na ruhusa sikuomba.

Mimi nilikuwa mfungwa wake. Nalisema mapema ili msomaji asinione mtu mwema halafu akaja kukasirika mbele ya safari. Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja, nilipompiga Nyota kwa mchi kule Lweba, kando ya ziwa, naye akafa. Tulikuwa marafiki. Tulikuwa tunatwanga muhogo mkavu katika kinu kimoja, mchi wangu ukishuka wake unapanda, tukiimba. Akasema mama yangu hajui kulowesha muhogo, ndiyo maana unga wetu unanuka. Ilikuwa kweli. Mama yangu alikuwa na haraka na kila kitu, hata na muhogo. Nilimpiga Nyota kichwani. Watu wazima walipouliza niliwaambia nilimpiga mara moja.

Polisi wawili wakanipandisha Fizi kwa miguu, siku mbili, wakibishana njia nzima nani anishike mkono.

Wakati ule ilikuwa imetoka sheria mpya ya Wazungu juu ya watoto. Mtoto aliyefanya kosa asihukumiwe kama mtu mkubwa, hata kama kosa ni la kuua. Na akiwa anangoja zuzi, hakimu wa watoto, asilale pamoja na wafungwa wakubwa. Sheria nzuri. Iliyofika Fizi ilikuwa karatasi, nyumba ya kuwatengea watoto haikuja. Baba wa Buloko alisomewa ile karatasi ofisini, akaitika "Ndiyo Bwana" mara tatu, kisha akatoka nje akasimama uani akinitazama na kuitazama buloko yake yenye chumba kimoja, stoo ya majembe, na wanaume kumi na wawili.

Akaniweka kwenye stoo ya majembe. Nilipiga kelele mchana ule wote. Jua halijatua bado, akaja mke wake na kitenge kiunoni, akafungua kamba, akanishika mkono.

"Unapeleka mufungwa wapi?" akauliza mumewe.

"Nyumbani."

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi ni hii mikono yangu," akasema mke wake, ambaye tangu siku ile nilimwita Mama, na tukaenda.

Aibu ilimwingia Baba wa Buloko, maana wafungwa wote kumi na wawili walikuwa wanatazama. Asubuhi yake akaja nyumbani na chaki, akaandika namba 2 kwenye mlango wa jikoni. Buloko ya Fizi ikawa na jengo la pili. Akatangaza kwamba hapo sasa ni mahali pa Serikali, na kwamba hakuna mtu wa kuingia bila kuomba ruhusa. Mke wake aliomba ruhusa mara moja, akiwa ameshika sufuria ya maji yanayochemka. Tangu hapo hapakuwa tena na habari ya ruhusa.

Kila saa kumi na mbili asubuhi alipuliza filimbi buloko, akahesabu wanaume wake, kisha akateremka njia ya nyumbani, akasimama mbele ya jikoni, mikono nyuma, na kuita, "Mufungwa wa namba mbili!" Mimi, na majivu kwenye miguu, niliitika, "Niko!" Akaandika alama moja katika daftari. Kisha akavua kofia, akaingia ndani ya gereza hilohilo, akakaa kwenye kigoda na kunywa uji pamoja na mfungwa. Vile vyote alivifanya bila kucheka. Kwa kweli sikuwahi kumwona akicheka. Alipofurahi alikohoa.

Alikuwa mwoga. Hili watu wa Fizi hawakulijua, au walilijua wakanyamaza kwa heshima. Aliogopa vyura. Aliogopa mama za wafungwa: akisikia mama fulani anapanda kutoka Baraka na kikapu kichwani kuja kumwona mwanawe, alikumbuka ghafla kwamba kuna kuni za kukagua. Kuchinja kuku hakuweza. Kuku wa sikukuu alichinjwa na mfungwa mmoja aliyefungwa kwa wizi wa kuku, na Baba wa Buloko aligeuza uso akimwambia, "Fanya upesi, we unajua hiyo kazi."

Lakini viboko alipiga. Sitaficha, kwa sababu nampenda. Siku hizo fimbo ya mjeledi ilikuwa bado ni ya sheria, karatasi ikisema vinne, alipiga vinne, kwa nguvu ileile kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, akihesabu kwa sauti. Jioni alileta mawese katika kikopo, akampaka yule mtu mgongoni kwa mkono wake mwenyewe, akamuuliza kama mtu anayejali sana, "Nilikupiga vibaya?" Mmoja aliwahi kumjibu, "Mukubwa, kuna kupiga kuzuri?" Akafikiri mpaka mafuta yakaisha mkononi. "Mi sijue," akasema. "Mi niko na servisi tu, kazi ya Serikali. Roho ninaacha nyumbani."

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa huko nyumbani.

Siku ya pili au ya tatu Mama alinipa mchi nitwange sombe. Majani ya muhogo yalikuwa tayari kinuni, mabichi. Niliushika ule mchi, nikajikojolea pale nilipo. Mama akanishika. Baba wa Buloko alikuwa mlangoni. Alitazama mchi, akanitazama mimi, akatazama lile dimbwi chini. Mtu mwingine angesema maneno ya huruma. Yeye akasema, kwa sauti ya hesabu:

"Mufungwa hapewi silaha. Ni sheria."

"Silaha? Huu mchi?" Mama akauliza.

"Kwa huyu, ni silaha."

"Basi nani atatwanga sombe? Mi mgongo unaniuma."

Mumewe akavua koti la servisi, akalitundika msumarini, akatwanga. Mwanaume mzima, mkubwa wa buloko, na ule ufunguo ukimpigapiga kifuani kila mchi unaposhuka! Alitwanga sombe ya nyumba ile miaka miwili. Wanawake wa Fizi walipita makusudi kutazama. Walimwita "Mama Sombe" akiwa amegeuka, na wengine hata akiwa hajageuka. Aliwajibu, "Ni amri," na kuendelea. Amri ya nani, hakuna aliyemuuliza, maana Fizi ya wakati ule neno hilo lilitosha.

Baada ya miaka miwili alishikwa na homa, akalala siku nne. Siku ya tatu Mama alikuwa mtoni. Nilitazama majani yakinyauka kikapuni, nikachukua mchi nikatwanga. Nilitwanga nikilia, lakini nilitwanga. Alisikia toka kitandani. Nilipompelekea chakula alionja, akakohoa, akasema chumvi imepungua. Kuanzia siku ile sombe ikawa kazi yangu.

Sasa niseme la watu wa Nyota, maana ndilo lililonifanya nisitake kamwe kutoka katika ile buloko.

Baba mkubwa wa Nyota alipanda Fizi mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya mazishi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvuvi mwenye sauti ndogo, na nguo yake ya kwenda ofisini ilikuwa safi. Alieleza kwa utaratibu kwamba nyumba ya mdogo wake imepoteza mtoto mwanamke, na kwamba kwa desturi yao nyumba iliyoua hutoa mtoto mwanamke akakae mahali pa yule aliyekufa, alale pale alipolala, na siku moja azalie ukoo ule. Mtoto huyo ni mimi. Alinitazama kupitia mlango wa jikoni vile mtu anavyotazama kitambaa sokoni, urefu, upana.

"Karatasi?" akauliza Baba wa Buloko.

"Muzee, hii ni mambo ya damu. Karatasi ya nini?"

"Hakuna muntu anatoka buloko bila karatasi."

Mara ya pili alikuja na baba yangu. Nilimwona baba kwa mbali, nikaacha ufagio, nikakimbia kumlaki. Hakuinama kunishika. Alikuwa amekubali. Nyumbani kulikuwa na wadogo zangu wanne, na watu walikuwa wameacha kuchota maji pamoja na mama yangu. Kunitoa mimi kungemaliza maneno. Namwelewa sasa. Siku ile sikumwelewa, nilirudi jikoni nikajifunika gunia.

"Mi ni baba yake," nilimsikia anasema nje. "Mi mwenyewe ninakubali. Na huyu mwenye maiti anakubali. Sasa weye unakataa kama nani?"

"Mi sikatai. Ninaomba karatasi."

"Batu wawili wakubwa banakuambia!"

"Hata mukuwe kumi na wawili. Niko na kumi na wawili kule juu, na hata mumoja hatoki."

Wakaenda kwa chifu. Chifu angependa kusaidia, lakini kutoa mtu kulipa mtu kulikuwa kumekatazwa na Serikali, na kuandika karatasi ya namna hiyo ni kujiandikia buloko mwenyewe. Wakarudi mikono mitupu. Walikuja tena msimu wa mvua, na tena wakati wa mavuno ya karanga, na kila mara yule mzee mwoga wa vyura alisimama kati ya mlango wa jikoni na wao, mikono nyuma, akiuliza swali lake moja. Fizi nzima ilimcheka kwa ajili ya karatasi zake. Mimi nilikuwa nasali zisifike.

Zuzi alikuja mara moja tu, miezi michache baada ya mimi kufika Fizi, kwa gari, akiwa na homa na haraka. Mganga wa dispansere akanifungua mdomo, akahesabu meno, akasema meno yanasema miaka kumi na mmoja, au pungufu. Mkalimani akaniuliza nilimpiga mara ngapi. Nikasema mara moja. Akauliza kama nilijua atakufa. Nikasema hapana. Baba wa Buloko alikuwa mlangoni, wima kama nguzo ya bendera. Zuzi aliandika, akafunga kalamu, akasema uamuzi utakuja kwa barua.

Barua haikuja. Ndivyo nilivyojua mimi. Mwaka ukapita, na mwingine. Wakuu wa Teritwari walibadilika. Kila aliyefika alikuta mfungwa wa namba mbili katika hesabu, akauliza, akaambiwa, "Anangojea barua, Bwana," na kila mmoja akaona si kosa lake. Masista wakanichukua shuleni asubuhi, na jioni nikarudi kufungwa. Nilijifunza kusoma. Nilijifunza pia kupika ndagala, dagaa wa ziwa letu, bila kuzivunja, kushona, na kumdanganya Mama kidogo kuhusu sukari. Nilikuwa na furaha. Nyota alikuwa kaburini Lweba, na mimi nilikuwa na furaha. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu na sijui jinsi ya kuyaeleza vizuri zaidi.

Halafu nyumba ya Nyota ikapata mtoto mwingine, mwanamke. Baba mkubwa alipanda Fizi mara ya mwisho, hakuja jikoni. Alikaa na Baba wa Buloko uani, wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, akaondoka. Miezi michache baadaye, asubuhi moja baada ya filimbi, Baba wa Buloko alisimama mbele ya jikoni, akachukua kitambaa chenye maji, akafuta ile namba 2.

"Umeachiliwa," akasema.

"Karatasi iko wapi, Baba?"

"Iko."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na miaka kama kumi na saba, na mwalimu mmoja wa Nundu alikuwa ameshatuma wazee wake kwa Mama kuniposa.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Baba wa Buloko akaacha servisi, akateremka Baraka, akapanga chumba karibu na soko, akawa anauza mawese kwa kikopo. Nilimfuata huko mwisho wa miaka ile ya hamsini, mtoto wangu wa kwanza mgongoni, bado hajaota jino. Ilikuwa mchana, joto la ziwa. Alikuwa amekonda. Alinipa kigoda chake, yeye akakaa juu ya debe.

Tulizungumza bei ya samaki, tukazungumza habari za Mama. Kisha akavua kofia, akachana uzi wa ndani kwa ukucha, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa matundu.

"We unajua kusoma," akasema.

Nilisoma. Ilikuwa barua ya zuzi. Mtoto hana umri wa kuadhibiwa, ilisema. Aachiliwe bila kukawia, arudishwe mikononi mwa baba yake. Nilitazama tarehe. Iliandikwa miezi minne baada ya zuzi kuondoka Fizi.

"Baba," nikasema, "ulinifunga miaka sita bila haki."

"Sita na miezi."

"Wangejua, wangekufunga wewe."

"Nani wa kunifunga? Ni mi nilikuwa na filimbi." Akakohoa. "Karani alinisomea: mikononi mwa baba yako. Mi niliona ile mikono."

Mtu huyo, ambaye hakuwahi kuipinga karatasi hata ile ya viboko! Nikamshika mkono, mkono mgumu wenye harufu ya mawese, na hapo nikajua siwezi kuondoka nimebeba deni la ukweli kwa mtu huyu mmoja.

"Baba, nilimpiga Nyota mara mbili."

Hakushtuka.

"Mara ya kwanza alianguka, akakaa," nikasema. "Alishika kichwa, akaniambia niache. Nilimsikia. Nikapiga tena. Nilidanganya mbele ya zuzi."

"Ninajua."

"Nani alikuambia?"

"Weye. Juma la kwanza ulishikwa na homa, ukawa unasema peke yako mchana kutwa. Mi na Mama yako tulikuwa pale tunakupepea."

"Ulikuwa mlangoni zuzi aliponiuliza. Kwa nini haukusema?"

"Hakuniuliza mi." Akapangusa kikopo chake cha mawese kwa kidole, polepole. "Na meno yako yalikuwa yaleyale. Mara moja, mara mbili, meno hayaongezeki."

Nililia pale, mbele ya mteja aliyekuja na chupa yake. Mtoto mgongoni naye akaanza. Baba wa Buloko akamhudumia mteja, akangoja aondoke, akakaa tena juu ya debe.

"Mama yake Nyota anauza unga hapa sokoni," akasema. "Upande wa chumvi. Ni karibu mwaka sasa. Ananunuaka mawese kwangu."

"Anajua wewe ni nani?"

"Anajua. Kila siku ananiuliza kama mutoto wake alisema kitu, mbele ya kufa. Ninamuambia mi sikuwa pale." Akanitazama usoni, jambo alilofanya mara chache. "Sikuwa pale. Ni weye ulikuwa."

Nilimwambia naogopa. Nilimwomba twende wote, asimame tu pembeni, asiseme neno.

"Hapana," akasema. "Mi nilikushika mpaka ukue. Umekua."

Nikamkaza mtoto mgongoni, nikauliza upande wa chumvi ni njia gani, akanionyesha. Nikaenda.